Safari ya Tanga Kumwozesha Binti wa Baba Mdogo

Simu iliingia Tabora mwezi wa Rajabu, baada ya sala ya Isha. Aliyepiga ni imamu wa msikiti mmoja wa Ngamiani, Tanga, na aliyemhitaji ni Baba. Baada ya salamu alieleza kwa adabu kwamba binti wa marehemu ndugu yake amepata mchumba, kijana wa Pangani, na kwamba dini na tabia yake vimeridhiwa. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume, wala baba wa marehemu hayupo duniani. Kwa hiyo, kwa mpangilio wa sheria, uwalii umemfikia ami yake wa Tabora. Mjomba wa binti yupo papo hapo mjini na ndiye aliyeisimamia posa tangu mwanzo, lakini mjomba hana uwalii.

"Ikiwa safari ni nzito, Mzee wangu," imamu akamalizia, "nipe uwakala kwa simu hii hii, mashahidi wasikie, nami nitaozesha kwa niaba yako. Ndoa itasihi."

Baba alinyamaza kitambo, hata tukadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Sheikh, ndugu yangu nilimkosa kaburini. Binti yake sitamwozesha kwa simu."

Hapana budi tueleze jambo hili kidogo, ijapokuwa si la kujivunia. Baba na Baba mdogo walizaliwa Tabora, baba mmoja mama mmoja. Baba mdogo alitoka kijana kwenda Tanga kufanya kazi katika reli, akaoa huko huko, na habari za ndoa zilimfikia Baba baada ya ndoa kupita. Baba, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa amekalia nafasi ya mzazi wao, aliona amedharauliwa. Neno likazaa neno. Kwa miaka zaidi ya ishirini ndugu hawa wawili walipeana salamu za Idi tu, tena kupitia kwa watoto. Miaka minne iliyopita Baba mdogo aliugua ghafla asubuhi, akafariki adhuhuri, na akazikwa baada ya Alasiri siku ile ile, kama Sunna inavyotuhimiza kuharakisha maziko. Baba aliingia Tanga usiku wa siku ya pili. Alikaa siku mbili, akarudi, na hatukuwahi kumsikia akiusimulia mji ule. Ilikuwa kana kwamba alikwenda makaburini tu na si Tanga.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo halikuwa likitamkwa. Baba mdogo aliacha nyumba. Aliyesoma mirathi japo kidogo anajua hesabu yake, maana msingi wake umo katika Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12: mjane mwenye mtoto ana thumni, binti wa pekee ana nusu, na kinachobaki, asipokuwepo baba wala mtoto wa kiume, huenda kwa ndugu wa kiume. Nyumba ile ilikuwa haijagawanywa kwa miaka minne. Mama mdogo na binti yake waliishi humo, vyumba vitatu wakapangisha, na maisha yakaenda. Huko Tanga ukimya huo ulikuwa wa hofu. Huku Tabora, na tulikiri, ulikuwa wa hesabu. Kaka yetu mkubwa ana msingi wa nyumba uliokwisha kuota majani kwa kukosa matofali, na si mara moja tulikaa barazani tukajiuliza fungu la Baba lingetosha mifuko mingapi ya saruji. Baba hakuwahi kuulizwa. Tulikuwa tukimsubiri aanze yeye.

Tukaondoka watu saba katika mwezi wa Shaabani: Baba, Mama, sisi ndugu watatu, mke wa kaka, na mtoto wao wa miaka mitano ambaye hakuwahi kuiona bahari. Mizigo yetu mikubwa ilikuwa kanga za kutunza na madumu mawili ya asali, maana mtu wa Tabora haendi arusini mikono mitupu, na asali ya misitu yetu ndiyo heshima tunayoweza kuibeba. Basi lilitoka baada ya sala ya Alfajiri. Barabara ya Itigi na Manyoni siku hizi ina lami, na ule msitu wa miombo ambao wazee waliupita kwa siku nyingi sisi tuliupita tukisinzia. Dodoma tulilala kwa mama mkubwa, tukaswali Isha katika ule msikiti mkubwa unaojulikana kwa jina la Gaddafi, na kesho yake tukaendelea: Morogoro, Chalinze, kisha kaskazini kupitia Msata na daraja jipya la Wami. Aliyewahi kulipita daraja la zamani, jembamba, magari yakingojeana huku na huku kule bondeni, atatuelewa tukisema abiria wengi walishusha pumzi.

Segera ndipo njia zinapoachana. Wa Moshi na Arusha wanaendelea mbele. Wa Tanga wanageuka kulia. Kuanzia hapo hewa inabadilika hata kabla hujaiona bahari, ikawa nzito na yenye unyevu. Upande mmoja milima ya Usambara imevaa mawingu, upande mwingine mistari ya mkonge imenyooka mpaka macho yanachoka. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, miche michache tu iliyosalimika safarini, na kutokana nayo Tanga ikapata utajiri, vumbi, na watu wa makabila mengi waliokuja kukata majani yake. Muheza machungwa yalipangwa kando ya njia kwa mafungu. Mtoto alitaka yote. Baba, mtu ambaye hata vitunguu havinunui bila kupunguziwa bei mara tatu, alishuka akabishana na muuzaji mpaka dereva akapiga honi.

Tuliingia Tanga Jumatano, jua likikaribia kuzama. Kabla hatujashusha mizigo Baba alituuliza siku tutakazokaa. Tukahesabu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na Jumatatu tunaondoka. "Basi ni siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka," akasema. "Kuanzia sasa hatufupishi. Sisi si wasafiri tena, ni wakazi wa hapa." Tulilichukua kama neno la fikihi, na ni la fikihi kweli. Baadaye ndipo tulipoona kwamba alikuwa amekusudia na jingine.

Ngamiani ni mtaa wa mistari. Barabara zake zimepewa nambari, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwenyeji hakuelekezi kwa jina la duka wala mti, anakwambia nambari tu akiamini umekwisha kufika. Reli inautenga na upande wa bandari, kule kwenye majengo ya Wajerumani yenye veranda pana, na kila jioni baiskeli huvuka kutoka upande wa kazini kuja upande wa nyumbani. Baiskeli! Hatujaona mji mkubwa wenye kuipenda baiskeli hivi. Anaipanda mwalimu wa madrasa na kanzu yake ameikusanya mkono mmoja, anaipanda mama na mtoto mgongoni, na hakuna anayewashangaa.

Nyumba ya Baba mdogo ni ya Kiswahili halisi: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na ua nyuma wenye mwembe. Mama mdogo alitupokea mlangoni amejitanda kanga, na machozi yake hatukujua ni ya furaha au ya jambo jingine. Bibi arusi mtarajiwa alikuja akamshika Baba mkono: "Shikamoo, baba mkubwa." Sauti na sura vilikuwa vya Baba mdogo, na Baba ilimbidi akohoe kwanza ndipo apate kuitikia marahaba. Mjomba naye alikuwepo, mtu mrefu, mpole wa maneno. Alitukaribisha kwa ukamilifu wote wa watu wa pwani, maji, juisi ya ukwaju, mto wa kuegemea. Lakini hatukukosa kuona kwamba kila Baba alipoinua macho kuutazama ukuta au dari, mjomba naye aliyafuata macho yake.

Ukumbini, kando ya mlango wa chumba cha kwanza, kulikuwa na kitu kilichofunikwa shuka. Mtoto alikifunua bila kuuliza. Ilikuwa baiskeli nyeusi, Raleigh ya zamani, minyororo imetiwa mafuta. "Ya marehemu," Mama mdogo akasema. "Kila Ijumaa naipangusa."

Alhamisi asubuhi Baba alikwenda makaburini, nasi tukamfuata kwa mbali. Alitoa salamu kwa watu wa makaburi, akaomba dua, kisha akachutama akaanza kung'oa majani kwa mikono. Kaka alitaka kumsaidia, akamkataza kwa ishara. Tukamwacha.

Mchana tulitembea mjini. Bandari ya Tanga imo ndani ya ghuba iliyotulia kama maji ya kwenye beseni, na katikati yake kuna kisiwa kidogo chenye magofu ya misikiti ya kale na makaburi; Wajerumani walikiita Toten, yaani cha wafu, na jina hilo halijabanduka. Wenyeji walituonyesha upande wa kaskazini wa ghuba, Chongoleani, ambako ndiko mwisho wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda. Vijana wa mtaani wanalizungumza bomba hilo kama wazee wanavyozungumza mkonge, kwa matumaini yale yale, na kwa mashaka yale yale wanapoulizwa nani hasa atapata kazi. Tukaenda na Raskazone, mtoto akaingiza miguu baharini, akaonja maji, akatema, na akatuuliza nani ametia chumvi. Njiani tulimsimulia vita vya Novemba 1914, jinsi Waingereza walivyoshusha jeshi kubwa kutoka India wakashindwa hapa na jeshi dogo la Wajerumani, na jinsi nyuki waliochafuliwa mizinga yao walivyoingia vitani pasipo kuitwa. Sisi wa nchi ya asali tuliona hiyo ndiyo sehemu ya busara kuliko zote katika vita hivyo.

Usiku wa kuamkia Ijumaa ulikuwa usiku wa hina. Wanawake walijaa uani chini ya mwembe. Somo wa bibi arusi alimsinga kwa liwa, mchoraji akaanza mikononi kwa hina na kuzungushia piko, na sisi wa kike wa Tabora tukapewa bakuli za kaimati na kazi ya kupepea. Walitutania kwamba tunazungumza Kiswahili cha kitabuni. Tukajibu kwamba wao wanakila Kiswahili pamoja na nazi yake. Kicheko kilikuwa kimeanza kuondoa ule ugeni, ndipo mtu akaja kuita: Mama mdogo anatakiwa ukumbini, na bibi arusi pia, hata kama mkono mmoja bado.

Baba alikuwa ameketi mkekani pamoja na imamu, mjomba, na wazee wawili wa mtaa. Sisi wanawe tulikuwa ukutani. Akamhimidi Mwenyezi Mungu, akamswalia Mtume, rehema na amani zimshukie, kisha akasema, "Nataka mirathi ya ndugu yangu igawanywe usiku huu."

Ukumbi ulitulia, hata ikasikika ngoma ya dufu ya nyumba ya tatu. Mama mdogo alitazama chini. Bibi arusi alikuwa ameinua mkono wake wenye hina mbichi usiguse kitu, na ukabaki vivyo hivyo hewani.

Mjomba alikuwa wa kwanza kusema, na upole wake ulikuwa umekwisha. "Shemeji, miaka minne ulikuwa umenyamaza. Umengoja usiku wa hina ndio uje kuhesabu matofali?"

"Nimechelewa," Baba akajibu. "Haki isingengojwa miaka minne. Lakini nisikilizeni. Mtoto huyu kesho ana mume. Mume huyu ni mtu mwema, tumeambiwa, lakini nyumba isiyojulikana ya nani huwafanya hata watu wema waulizane maswali. Na mimi nina umri. Nikifa, fungu langu halifi pamoja nami, linakwenda kwa hawa." Akatuonyesha kwa kidole, kaka kwanza. "Sitaki siku moja hawa waje kuugonga mlango huu."

Hatukujua tutazame wapi. Hakuna aliyemwambia kuhusu mifuko ya saruji, lakini mzazi haambiwi.

Imamu aliomba karatasi. Haikupatikana karibu, akageuza kadi moja ya mwaliko na kuandika nyuma yake. Aliuliza kwanza madeni ya marehemu, akaambiwa yalilipwa. Akauliza wasia, akaambiwa haukuwepo. Kisha akaigawa mirathi mafungu manane: moja la mjane, manne ya binti, matatu ya ndugu. Akaorodhesha nyumba, akiba kidogo ya benki, kitanda, kabati, na baiskeli. Alisoma kwa sauti, akauliza kama kuna mwenye neno. Mjomba akasema vyumba ni sita na mafungu ni manane, sasa ukuta utapasuliwa wapi.

"Hautapasuliwa," Baba akasema. "Sheikh, andika kwamba nimekiri fungu langu na nimelipokea. Umeandika? Sasa andika mstari mwingine. Fungu langu la nyumba nimempa shemeji yangu huyu, mjane wa ndugu yangu. Nimempa kwa hiari yangu, nikiwa mzima."

Wote tulikuwa tumetazamia, kama angetoa, ampe bibi arusi; ndivyo arusi zilivyo, kila kitu humwendea yeye. Hata somo aliyekuwa akichungulia mlangoni alishtuka. Baba akaliona hilo. "Binti ana nusu yake tayari, na ana mume wa kumlisha. Mama yake ana thumni. Mtu mwenye thumni katika nyumba ni mgeni, hata kama anayemiliki kilichobaki ni mwanawe. Moja na tatu ni nne. Wakae sawa kwa sawa." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo nadra kuisikia kwake: "Arusi ya huyu sikuja. Hata zawadi sikuleta."

Mama mdogo alilia, safari hii tukajua ni machozi ya nini. Mjomba alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akainuka akaja kuketi upande wa Baba, goti kwa goti, akaomba samahani kwa neno la matofali. Baba akamwambia neno lile lilikuwa la mlinzi mzuri.

Na sisi? Tungependa kuandika kwamba mioyo yetu ilifurahi papo hapo. Haikuwa hivyo. Usiku ule kaka hakulala vyema, na mkewe pia, na sisi wengine tulilala kwa sababu tulikuwa na pa kulala. Mali ile haikuwa yetu na Baba alikuwa hai. Kwa sheria hatukuwa na hata tofali moja la kusikitikia. Lakini moyo hujenga bila kibali. Alfajiri, wakati wa kurudi kutoka msikitini, kaka ndiye aliyemshika Baba mkono kumvusha mtaro, na hakuna aliyesema neno. Tuliona kwamba yamekwisha, au yameanza kwisha.

Ndoa ilifungwa Ijumaa hiyo baada ya Alasiri. Watu wa Pangani walikuja kwa mabasi mawili na kaswida, bwana arusi amevaa joho na kilemba, uso umekauka kwa woga. Mahari aliyoitaja bibi arusi mwenyewe ilikuwa cherehani ya umeme na shilingi 300,000 taslimu. Baadhi ya mashangazi walinong'ona kwamba kajirahisi. Yeye alisema ni fundi, na anataka mahari inayofanya kazi. Kabla ya akdi Baba aliingia kwa binti na mashahidi, akamuuliza radhi yake, na tena akamuuliza kama anafahamu kwamba cherehani ni mali yake, si ya mume, si ya mama, wala si ya baba mkubwa. Akasema anafahamu.

Msikitini imamu alisoma hotuba ya ndoa, kisha akamwachia Baba. Wengi hukabidhi maneno hayo kwa sheikh. Baba alitaka kuyatamka mwenyewe. Alimshika kijana mkono wa kulia, akaanza, "Nimekuozesha binti wa ndugu yangu," na alipofika kwenye jina la ndugu yake sauti ilikatika. Msikiti mzima ulingoja. Imamu hakumwongoza, alimwacha apumue. Akarudia tangu mwanzo, akalitaja jina lile na la baba yao, yote mawili kwa ukamilifu, na kijana akajibu kwa haraka hata watu wakacheka: "Nimekubali!"

Kuhusu walima wa Jumamosi hatutasema mengi, maana kila msomaji anazo pilau zake za kukumbuka. Tuseme tu kwamba asali ya Tabora iliwekwa mezani pamoja na mkate wa kumimina, na madumu mawili hayakufika Magharibi. Mama mdogo alikataa ukumbi wa kukodi na muziki wake. Alisema fedha za ukumbi zitatosha kulisha mtaa, na mtaa ukala. Kuna waliosema arusi imepooza. Walikuwa wakisema hivyo wakiwa na sahani ya pili.

Jumapili mjomba alijitolea kutupeleka Tongoni, kusini mwa mji katika njia ya Pangani. Ni njia ile ile inayoelekea upande wa Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na mjomba, ambaye ni mwalimu mstaafu, alipunguza mwendo kwa heshima bila kusimama. Tongoni ni magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi yapata arobaini, mengi yakiwa na nguzo za mawe, chache bado zimesimama, nyingine zimelala kama minazi baada ya upepo. Mji huo ulijulikana kwa jina la Mtangata, na merikebu za Vasco da Gama zilipita hapa mwaka 1498. Kibla cha msikiti bado kipo. Paa halipo, mbuyu umesogea karibu, na bahari iko hatua chache nyuma ya mikoko. Tuliswali rakaa mbili pembeni, tukawatolea salamu wenye makaburi. Mtoto aliuliza watu hawa watoto wao wako wapi. Mjomba akamwambia, "Huenda ndio sisi," kisha akatafakari, akaongeza, "au huenda walihamia Tabora."

Wawili hao, Baba na mjomba, waliketi juu ya ukuta uliobomoka kwa zaidi ya saa nzima. Tulipokaribia tukawasikia wakimzungumza marehemu: jinsi alivyopiga mluzi akipanda baiskeli, jinsi alivyokataa kula papa miaka miwili ya mwanzo kwa sababu ya harufu, kisha akawa hali bada bila papa. Baba alikuwa akiuliza maswali madogo madogo, kama mtu anayesomewa barua ya miaka mingi. Tulirudi nyuma tukaenda kuokota kombe.

Jumatatu alfajiri tulifunga mizigo. Baba alisimama ukumbini mbele ya ile shuka kwa kitambo, kisha akamwambia Mama mdogo kwamba ana ombi, ila baiskeli nayo imo katika orodha ya Sheikh, hivyo lazima wenye mafungu waridhie. Mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Shemeji, humo wewe una thumni tatu tayari. Sisi tunakuongezea tano." Bibi arusi, aliyekuwa fungateni Pangani, alipigiwa simu, akaridhia, akasema tahadhari na breki ya nyuma.

Kituoni kondakta aliitazama baiskeli, akataja nauli ya mzigo ambayo ilitufanya tuangaliane. Tukangoja Baba aanze. Akatoa fedha, akahesabu, akalipa yote. Segera basi liliposimama, wakati sisi tunanunua mahindi ya kuchoma, yeye alizunguka nyuma, akamwomba utingo afungue buti, akainama kuangalia kama gurudumu halijabanwa.